Habari za Sunni na Shia, Wakristo na Waislamu: jinsi ya kuzisoma ukiwa Dar kabla hujazisambaza

Nafanya kazi kwenye dawati la habari za kimataifa la redio moja hapa Dar es Salaam. Nachukua habari za mashirika ya nje, Reuters, AFP, AP, na kuziweka katika Kiswahili kabla ya taarifa ya saa mbili usiku. Kila siku zinapita mikononi mwangu sentensi za aina hii: "wapiganaji wa Kishia", "eneo lenye Wasunni wengi", "mapigano kati ya Wakristo na Waislamu". Zikishatoka studio haziishii hewani. Zinapanda daladala, zinakaa kwenye vijiwe vya kahawa Kariakoo, zinaingia kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa, na siku mbili baadaye nazisikia zimerudi zikiwa zimeota pembe: eti fulani wa duka la pale kona naye ni wa hao hao.

Hilo linaniuma. Ukitembea katikati ya mji huu unapita msikiti wa Washia Ithnaasharia, msikiti wa Mabohora, jamatkhana ya Waismailia, misikiti ya Wasunni, mahekalu ya Wahindu, na unafika Kanisa la Mtakatifu Yosefu au Azania Front kabla jasho halijakutoka. Watu hawa wanauziana, wanakopeshana, wanazikana. Sitaki ugomvi wa Baghdad au Beirut uje kuwatenganisha kwa sababu ya sentensi iliyoandikwa haraka haraka na mtu aliyeko London. Haya ninayoandika ndiyo ninayowafundisha vijana wanaoanza kazi dawatini kwetu. Huhitaji kuwa mwandishi wa habari ili uyatumie. Simu na bando vinatosha.

Anza na kinachogombewa

Dhehebu linakuonyesha nani amesimama na nani. Halikuonyeshi wanagombea nini. Ukiingia Uwanja wa Mkapa siku ya Simba na Yanga, jezi zitakuambia nani anakaa wapi, lakini hakuna mtu mzima atakayekueleza kwamba mechi inachezwa kwa sababu nyekundu na kijani hazipatani. Kuna pointi, kuna kombe. Basi kwenye habari za madhehebu tafuta kombe: kiti, wizara, mshahara, ardhi, kisima, bandari, mafuta. Usipoliona ndani ya habari, jua habari hiyo haijakwisha, na kazi ya kuikamilisha imebaki kwako.

Pa kujifunzia ni Lebanon, kwa sababu kule mgao umewekwa mezani. Tangu makubaliano ya 1943, rais huwa Mkristo wa Kimaroni, waziri mkuu Msunni, spika wa bunge Mshia. Serikali inatambua madhehebu 18. Viti vya bunge zamani viligawanywa sita vya Wakristo kwa vitano vya Waislamu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1975 vilipokaribia kwisha, wabunge walikutana katika mji wa Taif, Saudi Arabia, mwaka 1989, wakakubaliana nusu kwa nusu, na leo bunge lina viti 128, yaani 64 kila upande. Vyeo vya juu serikalini vinafuata mkondo huo huo: mkuu wa jeshi Mmaroni, gavana wa benki kuu Mmaroni, na kila dhehebu lina ofisi zake inazozishikilia kwa nguvu zote.

Sasa tazama lililotokea 2020. Tarehe 4 Agosti bandari ya Beirut ililipuka, serikali ikajiuzulu, na Mustapha Adib akapewa jukumu la kuunda baraza jipya la mawaziri. Septemba hakuwa hata na orodha, akajiondoa. Habari nyingi za nje zilisema vyama vya Kishia, Hezbollah na Amal, ndivyo vilivyokwamisha. Ni kweli. Lakini msikilizaji wa Mbagala akiishia hapo atadhani Washia walikataa kuongozwa na Msunni, wakati waziri mkuu wa Lebanon huwa Msunni siku zote na vyama hivyo havikuwa na ugomvi na hilo. Kilichogombewa ni Wizara ya Fedha. Amri nyingi za serikali haziendi popote bila saini ya waziri wa fedha, na vyama hivyo viwili vilitaka saini hiyo ibaki mkononi mwao. Ukishalijua hilo, habari inageuka kuwa ya saini, bajeti na ajira, mambo ambayo mtu yeyote aliyewahi kufuatilia faili lake kwenye ofisi ya umma anayaelewa bila kufundishwa.

Na jambo hili si la Waarabu peke yao. Ireland ya Kaskazini waliuana kwa miaka thelathini, watu wapatao 3,500 wakafa hadi makubaliano ya Aprili 1998, na muda wote huo magazeti yaliandika Wakatoliki na Waprotestanti. Ukisikia hivyo ukiwa Dar utafikiri walikuwa wanauana kwa ajili ya Papa na Bikira Maria. Rudi nyuma uangalie miaka ya sitini. Katika uchaguzi wa halmashauri, kura ilikuwa ya mwenye nyumba au mpangaji mkuu. Kijana mtu mzima anayeishi kwa wazazi wake, au mtu aliyepanga chumba ndani ya nyumba ya mwingine, hakuwa na kura hiyo. Kwa hiyo nyumba ya halmashauri ilikuwa kura. Halmashauri iliyoshikwa na wanaotaka kubaki Uingereza, ambao wengi wao ni Waprotestanti, ikiipa familia ya Kikatoliki nyumba, imewapa wapinzani wake kura. Juni 1968, katika kijiji cha Caledon, familia za Kikatoliki zilikuwa kwenye foleni ya kusubiri nyumba, na nyumba akapewa msichana wa Kiprotestanti wa miaka 19, hana mume wala mtoto. Mbunge mmoja, Austin Currie, aliingia ndani ya nyumba ile akaketi humo kupinga. Agosti mwaka huo huo yakafanyika maandamano ya kwanza ya haki za raia. Mambo yaliyofuata ni marefu na ya damu, lakini mwanzo wake unashikika: nyumba na kura.

Muulize aliye upande wa pili ni nani

Swali hili nalitumia kuliko yote, na nililipata kwa msikilizaji. Mwishoni mwa Agosti 2022, baada ya taarifa ya usiku, mzee mmoja mwenye duka la vipuri Gerezani alipiga simu studio. Zamu haikuwa yangu, ila simu niliipokea mimi. "Binti yangu," akasema, "nimesikia Washia wamevamia kasri Baghdad. Sasa waliokuwa wanailinda hiyo kasri ni akina nani?" Nikamwambia, mzee, na wale wengi wao ni Washia. Akanyamaza kidogo. "Na hao wanaogombana nao huko serikalini?" Nao Washia. "Basi mbona mmetaja Washia wa upande mmoja tu? Kesho wateja wangu wataniuliza, niwajibu nini?"

Alikuwa na haki ya kuuliza, na jibu lipo. Oktoba 2021 Iraq ilifanya uchaguzi. Kundi la Muqtada al-Sadr, kiongozi wa Kishia, likapata viti 73 kati ya 329, vingi kuliko kundi lolote. Sadr akataka kuunda serikali ya walioshinda, akaungana na kundi kubwa la Wasunni na chama cha Barzani cha Wakurdi. Waliomzuia ni vyama vingine vya Kishia, vingi vikiwa karibu na Iran, vilivyotaka mgao wa zamani uendelee, kila mmoja apate kipande chake. Miezi ikapita hakuna serikali. Juni 2022 wabunge wa Sadr wakajiuzulu wote. Tarehe 29 Agosti Sadr akatangaza kuachana na siasa, wafuasi wake wakavamia Kasri ya Jamhuri, bunduki zikalia hadi kesho yake, na watu wapatao 30 wakafa. Sadr akatokea kwenye televisheni akawaamuru waondoke, wakaondoka. Katika mkasa huo wote, Msunni na Mkurdi walikuwa washirika wa Mshia dhidi ya Washia wenzake.

Kwa hiyo ukisikia dhehebu limetajwa, mtafute wa dhehebu hilo hilo aliyesimama ng'ambo. Karibu kila mara yupo. Lebanon, mwishoni mwa miaka ya themanini, Amal na Hezbollah walipigana wenyewe kwa wenyewe, wote Washia. Mwaka 1990 wapiganaji wa Samir Geagea na jeshi la Jenerali Michel Aoun walibomoleana mitaa, wote Wamaroni. Miaka 16 baadaye Aoun huyo huyo akatia saini makubaliano na Hezbollah, ndani ya kanisa. Iran ya Kishia inawasaidia Hamas, ambao ni Wasunni. Azerbaijan ina Washia wengi, lakini kwa miaka mingi Iran imekuwa na uhusiano mzuri zaidi na Armenia ya Wakristo kuliko na Azerbaijan. Saudi Arabia na Qatar ni Wasunni wote wawili, tena wa mkondo unaofanana, na Juni 2017 Saudia na wenzake waliifungia Qatar mipaka, anga na bandari, hali iliyodumu hadi Januari 2021.

Karibu na kwetu kuna Jamhuri ya Afrika ya Kati, walikokwenda na askari wetu chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Machi 2013 Seleka, waasi ambao wengi wao ni Waislamu, waliteka mji mkuu Bangui, kisha anti-balaka, wanamgambo ambao wengi wao si Waislamu, wakajibu, na dunia nzima ikaandika Waislamu na Wakristo. Mauaji ya watu kwa dini zao yalikuwepo, tena ya kutisha. Lakini Desemba 2020 makundi yaliyotoka Seleka na makundi ya anti-balaka waliungana katika muungano mmoja kuishambulia serikali kabla ya uchaguzi. Waliokuwa maadui wa dini wakawa kambi moja, kwa sababu dhahabu, almasi na ushuru wa vizuizi vya barabarani vilikuwa bado vipo. Na katika miezi ile mibaya kuliko yote, Imamu Oumar Kobine Layama alihifadhiwa nyumbani kwa Askofu Mkuu Dieudonné Nzapalainga. Wawili hao nimewasikia wakitajwa mara chache mno kwenye taarifa za habari, na kwa kweli walistahili kutajwa kila siku.

Tarehe na takwimu

Mwandishi akikuambia huu ni ugomvi wa miaka 1,400, mwombe tarehe ya karibu. Karbala, alipouawa Imamu Hussein mjukuu wa Mtume, ni mwaka 680 na huzuni yake ni ya kweli, Washia wa mji huu wanaiadhimisha kila Muharram. Ila Karbala haielezi kwa nini watu wamepigana mwaka huu na si mwaka juzi. Saudi Arabia na Iran walivunja uhusiano Januari 2016, wakaurudisha Machi 2023 kwa mazungumzo ya Beijing. Mgao wa Iraq wa vyeo kwa madhehebu una siku yake ya kuzaliwa: Julai 2003, chini ya uvamizi wa Marekani, liliundwa Baraza la Utawala la watu 25, na viti vikahesabiwa 13 vya Washia, 5 vya Waarabu wa Kisunni, 5 vya Wakurdi, kimoja cha Mturkmeni na kimoja cha Mkristo wa Kiashuru. Ukijua hilo hutasema tena kwamba Wairaki ndivyo walivyo tangu enzi.

Yemen inaonyesha vizuri zaidi. Mwaka 1962 maofisa wa jeshi walimpindua imamu aliyekuwa mtawala, naye alikuwa Mzaidi, tawi la Ushia. Misri ya Nasser ikatuma askari kuwasaidia waliompindua. Nani alimsaidia imamu? Saudi Arabia. Machi 2015 Saudi Arabia hiyo hiyo ikaanza kuwapiga kwa ndege Wahouthi, ambao ni Wazaidi pia. Dhehebu halikubadilika. Kilichobadilika ni nani anashika Sanaa na yuko karibu na nani. Hata Ali Abdullah Saleh, rais wa miaka mingi, alikuwa Mzaidi. Alipigana na Wahouthi awamu sita kati ya 2004 na 2010, baadaye akaungana nao, wakaachana, wakamuua Desemba 2017. Halafu mtu anakuletea sentensi moja: "vita vya Sunni na Shia nchini Yemen".

Kuhusu asilimia nitasema kwa ufupi. Lebanon haijafanya sensa rasmi tangu 1932, kwa sababu ikihesabu watu itabidi ihesabu upya viti. Sisi wenyewe sensa yetu haijauliza dini tangu 1967, na mwaka 2012 kuna Waislamu waliosusia wakitaka kipengele hicho kirudishwe. Pamoja na hayo utakuta makala za nje zinakupa asilimia za Wakristo na Waislamu wa Tanzania zenye nukta na desimali. Hayo ni makadirio. Ukiyaandika, yaandike kama makadirio. Usibishane nayo kijiweni hadi mkakosana.

Sikiliza idhaa zaidi ya moja, na ujue nani analipa umeme

Sisi wa Kiswahili tuna bahati ambayo mataifa mengi hayana. Tukio moja unaweza kulisikia kwa lugha yako kutoka London, Bonn, Tehran na Istanbul kwa siku moja. BBC inalipiwa na Waingereza, DW na serikali ya shirikisho ya Ujerumani, Redio Tehran na serikali ya Iran, TRT na Uturuki. Al Jazeera ni ya Qatar, na Al Arabiya ina wenyewe Saudi Arabia. Wakati ule Qatar ilipofungiwa mipaka, miongoni mwa masharti 13 iliyopewa lilikuwamo la kuifunga Al Jazeera. Ndivyo vyombo hivi vinavyothaminiwa na wakubwa, nawe vithamini kwa kiwango hicho hicho cha uangalifu.

Namna ya kufanya ni hii. Chagua tukio moja. Sikiliza au soma idhaa mbili ambazo wenye nazo hawapatani, kwa mfano Tehran na London. Andika kwenye karatasi vitu vitatu: kundi limeitwa kwa jina gani, nani amenukuliwa kwa sauti yake mwenyewe, na nani ametajwa bila kupewa nafasi ya kusema. Tehran itakuambia Ansarullah, jina ambalo Wahouthi wanajiita wenyewe, na wanamuqawama, yaani wapiganaji wa ukombozi, London itakuambia waasi wa Houthi wanaoungwa mkono na Iran. Usikimbilie kuamua nani mwongo. Chukua yale ambayo wote wawili wamekubaliana, mahali, saa, idadi ya chini kabisa ya waliokufa, hayo ndiyo ya kushika kwanza.

Kisha sikiliza kimya. Mwaka 2011 watu waliandamana Bahrain na Syria. Bahrain Washia wengi walikuwa wanadai haki chini ya mfalme wa Kisunni, ingawa waliandamana na Wasunni pia na walipaza sauti kwamba wao si Shia wala Sunni, wao ni Wabahraini. Vyombo vya Iran vilikuwa na Bahrain asubuhi na jioni, na maandamano ya Syria wakayaita njama za nje. Vyombo vya Ghuba vikafanya kinyume chake: Syria ndiyo ikawa mapinduzi ya wananchi, Bahrain ikawa fujo za madhehebu. Aliyesikiliza upande mmoja alipata nusu ya mwaka ule.

Wala usidhani vyombo vya Magharibi viko huru na mambo haya. Kuanzia Oktoba 1988 hadi Septemba 1994 serikali ya Uingereza ilipiga marufuku sauti za viongozi wa Sinn Féin, chama kinachotaka Ireland iungane, na makundi mengine ya Ireland ya Kaskazini kusikika redioni na kwenye televisheni. BBC ikawa inaonyesha uso wa Gerry Adams, kiongozi wa Sinn Féin, akizungumza, huku maneno yake yakisomwa na mwigizaji. Miaka sita, nchi nzima ikisikia mgogoro wake wenyewe kwa sauti za kukodi.

Kuna jambo jingine dogo ambalo ukilijua litakusaidia sana. Habari ya shirika kwa kawaida ina aya moja katikati au mwishoni inayoeleza usuli, na aya hiyo hunakiliwa kutoka habari hadi habari, wiki baada ya wiki. Hapo ndipo maneno kama "nchi iliyogawanyika kimadhehebu" yanapokaa. Ukilikuta neno hilo kwenye habari tano za vyombo vitano, usidhani watu watano wamechunguza. Angalia chini kama zote zimetoka shirika moja. Mara nyingi ndivyo ilivyo.

Jipime kwa habari zetu

Ukitaka kujua kama mbinu hizi zinafanya kazi, zijaribu kwenye habari iliyoandikwa na wageni kuhusu mambo unayoyajua. Soma walivyoandika Zanzibar baada ya Januari 2001, watu walipouawa kwenye maandamano ya chama cha upinzani cha CUF na Wapemba wengine wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Utakuta "visiwa vyenye Waislamu wengi" kwenye aya za mwanzo, kana kwamba hilo linaeleza kitu. Amani Karume ni Mwislamu. Maalim Seif Sharif Hamad alikuwa Mwislamu. Waandamanaji walikuwa Waislamu, na miongoni mwa askari Waislamu walikuwamo. Kilichogombewa ni kura: 1995 Salmin Amour alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif, na uchaguzi wa 2000 ukaharibika. Chini ya kura kulikuwa na Unguja na Pemba, ajira serikalini, na kumbukumbu za 1964. Maridhiano yalipokuja, yalikuja kwa kugawana madaraka, kura ya maoni ya Julai 2010 ikipita kwa asilimia 66.4. Na Machi 2019 Maalim Seif alipohama CUF kwenda ACT-Wazalendo, wafuasi walishusha bendera moja na kupandisha nyingine ndani ya siku chache. Msikiti wao haukubadilika.

Kama wageni walituandika sisi hivyo, nasi tunajua jinsi walivyoyakosa, basi tuwatendee Wayemeni na Wairaki uungwana ambao sisi hatukutendewa.

Dini inapokuwa ndiyo sababu, iseme

Vijana wakishayaelewa haya huwa wanavuka mpaka. Wanaanza kusema dini haihusiki kabisa, yote ni mafuta na Marekani. Hapo nawakatalia. Juni 2014, karibu na Tikrit, Dola la Kiislamu, ISIS, iliwateka vijana wa jeshi kutoka kambi ya Speicher, ikawatenga Washia, ikawaua zaidi ya elfu moja. Waliuawa kwa sababu ni Washia, na wauaji walilisema hilo kwa vinywa vyao. Baghdad, baada ya msikiti mtakatifu wa Washia wa Samarra kulipuliwa Februari 2006, mtu aliweza kuuawa kwenye kizuizi cha barabarani kwa sababu kitambulisho chake kimeandikwa Omar, jina lililohesabiwa kule kuwa la Kisunni, na mwingine kwingine kwa sababu anaitwa Ali, lililohesabiwa kuwa la Kishia. Kulificha hilo ni kuwadhulumu marehemu. Liseme wazi, kisha endelea kuuliza: nani aliamrisha, na nyumba za mtaa uliohamwa alizichukua nani?

Tofauti ninayoishika ni hii. Ikiwa dhehebu la mtu ndilo lililomfanya auawe au anyimwe haki, litaje. Ikiwa limetajwa ili kujaza sentensi, liache, weka jina la kundi, kiongozi wake na wanachokitaka.

Kabla hujabonyeza kutuma

Hapa mfano wa dawatini. Inafika sentensi: "Wapiganaji wa Kishia wamevamia makao ya serikali mjini Baghdad, na kuzusha hofu ya vita vya kimadhehebu." Ndivyo ingeweza kuandikwa ile ya Agosti 2022. Kwetu tungeiandika hivi: "Wafuasi wa Muqtada al-Sadr, kundi lililoongoza kwa viti katika uchaguzi wa mwaka jana, wamevamia makao ya serikali mjini Baghdad baada ya mvutano wa miezi kumi kuhusu nani aunde serikali. Vyama vinavyopingana naye navyo ni vya Washia." Inachukua sekunde chache zaidi hewani, na yule mzee wa Gerezani angekuwa na la kuwaambia wateja wake.

Wewe nawe unaweza kufanya hivyo kwenye simu. Mtu akikutumia video ya maiti na maneno "ona Washia wanavyofanya" au "ona Wakristo wanavyofanya", mjibu kwa upole kwa maswali: ni wapi, ni lini, na kundi linaitwaje? Shangazi au mjomba mjibu faraghani, usimuaibishe mbele ya ukoo mzima, maana akiaibika ataitetea video badala ya kuichunguza. Asipojua tarehe, usiisambaze. Video za Syria za zaidi ya miaka kumi iliyopita bado zinazunguka zikipewa majina ya nchi mpya kila mwaka. Na ukisambaza habari uliyoipima, andika juu yake tarehe, idhaa uliyoitoa, na kile kinachogombewa, hata kama ni mstari mmoja.